Nilivyoishi Riyadh na mwanamieleka ambaye hakuwahi kushinda hata pambano moja

Wakuu, habari za jioni. Hii naileta kama ilivyotokea, na kama kuna mtu alikuwa Suwaidi miaka ile anikosoe hapa hapa.

Nilianzia Jeddah, pale Karantina, nikibeba simiti. Baadaye nikapata kazi ya udereva kwa familia moja Al-Suwaidi, Riyadh. Chumba cha nyuma ya geti nililala na mlinzi wao, Mzee Ouma, Mkenya mwenzangu wa Siaya.

Mpole mpaka anakera. Paka akikalia kiti chake, yeye anasimama.

Siku moja bosi akamtuma abadilishe taa ya geti. Ngazi ikateleza. Mzee akashuka kama gunia la mahindi, akapiga sakafu kwa mkono, PAAA, nikaanza kumuombea.

Akainuka, akajipangusa, akauliza kama taa imevunjika.

Bosi aliona yote dirishani. Akaja mbio na ndala moja mguuni.

"Mzee, nani alikufundisha kuanguka?"

"Kazi, baba. Zamani nilikuwa napiga mieleka."

Sasa huyu bosi ni mgonjwa wa mieleka. Anaangalia zile za zamani kwenye TV anapiga makofi peke yake. Kuanzia hapo Mzee akaitwa batal, yaani bingwa.

Tukinywa chai nikamuuliza alibeba mikanda mingapi.

"Mkanda gani? Mimi sijawahi kushinda hata siku moja."

Nikadhani ananipima akili. Kumbe kazi yake ilikuwa kuanguka. Staa anamrusha, ukumbi unalipuka, yeye anapewa nauli. Nakuru, Kisumu, Mombasa, ujana wake wote umeishia hapo. Kwenye mabango waliandika majina ya mastaa, halafu chini kabisa, "na wengine wengi".

"Hao wengine wengi ndio mimi," akasema, akachovya mkate.

Shida ikaja hapa. Binti yake Akinyi alikuwa anaolewa. Mzee alitumiwa kadi ya harusi kwenye simu, jina lake limo, majina yote matatu. Aliifungua kila saa mpaka nikawa naijua kwa kichwa.

Lakini kule bila kafili, yaani bosi aliyekudhamini, kukutolea exit, kibali cha kutoka nchini, huendi popote. Kila akiomba anaambiwa bukra, kesho. Hiyo kesho ilikuwa na miezi.

Mimi nikajitosa kwa bosi. Nikamwambia batal anataka kumuoza bintiye.

Bosi akafikiria, akatabasamu. Ijumaa familia inaenda istiraha, ile nyumba ya kupumzikia nje ya mji, na mdogo wake Fahad anakuja kutoka Jeddah. Fahad ni mtu wa gym, kifua kama friji.

"Batal amwangushe Fahad. Halas, exit yake nampa."

Wakuu, nikajipa ukocha. Nikanunua mayai na kamba ya kuruka. Mzee akala mayai, kamba akafungia mlango wa choo.

Ijumaa ikafika. Magodoro yametandikwa kwenye nyasi, binamu wamezunguka na vikombe vya kahawa.

Mzee akamshika Fahad kiunoni, na ile friji ikanyanyuka. Miguu inaelea, macho yamemtoka. Mimi tayari nachagua sare ya harusi.

Mara Mzee akamnong'oneza kitu sikioni, akamshusha taratibu.

Kufumba na kufumbua Mzee yuko hewani. Sijawahi kuona binadamu akirushwa vile. Akatua PAAA, akajikunja, akatambaa ameshika kiuno, akaomba msamaha kwa Kiarabu. Fahad anaangalia mikono yake kama ameletewa leo. Binamu wakambeba juu juu.

Nikamfuata Mzee kwenye tangi la maji, machozi yananilenga.

"Mzee, si ulikuwa umemshika? Akinyi utamwambia nini?"

"Kijana, nimwaibishe mdogo wa mtu mbele ya binamu zake, halafu kaka yake anitolee exit?"

"Na ulimwambia nini sikioni?"

"Nilimwambia, wewe nyanyua, mimi nitaruka."

Kwenye sinia la chakula Fahad akamkalisha Mzee ubavuni, anamchambulia nyama kwa mkono wake. Bosi akatania, "Batal ameanguka. Mafi exit, hakuna."

Fahad akasema, "Huyu ndiye mwenye nguvu kuliko wote niliowaangusha. Mpe."

Hakuna mwingine ambaye Fahad aliwahi kumwangusha, lakini nani angesema. Bosi akatoa simu, akaifanya exit pale pale na vidole vyenye mafuta ya wali.

Siku ya harusi Mzee akanitumia sauti. MC anaita, "Baba mzazi wa bibi harusi, Barnabas Ouma Odongo." Makofi. Halafu Mzee mwenyewe, karibu kabisa na simu, "Umesikia? Wametaja."

Nilisimamisha gari kando ya barabara kwanza.

Bado nina ndoto zangu za kuwa mtu mkubwa, msinicheke. Ila siku hizi nikiona mtu anabebwa juu juu, macho yangu yanatafuta nani yuko chini kwenye godoro.

Nyinyi wenzangu, wa kwenu ni nani? Mtajeni hapa, na jina lake tulisome.

Wale wa kudai picha, ninayo ya harusi. Mzee ni yule wa pembeni, keki imemziba nusu.