Alhamisi ya Kusaga Bure

Mashine yangu ya kusaga ina tabia moja mbaya: anayetangulia asubuhi huliwa. Sisemi vidole, Mungu apishe mbali. Nasema unga. Mashine ikilala, tumbo lake hubaki tupu, na ukiiamsha, mahindi ya kwanza hayatoki yote. Mengine hukwama ndani, mengine kwenye bomba, na mengine hushika kwenye kile kitambaa kirefu kinachoning'inia juu kama mguu wa suruali. Anayefuata hupata unga wake kamili. Wa kwanza huenda nyumbani akijiuliza kama mahindi yake yalikuwa mepesi.

Hapa Kitale kila mtu anajua jambo hilo, ndiyo maana hakuna mahali watu wana adabu kama kwa kisiagi, kwenye mashine ya unga, asubuhi. Tangulia, mama. Aa, tangulia wewe, mimi sina haraka. Mtu ameacha maji ya ugali yakichemka jikoni, lakini ati hana haraka. Kwa kawaida tunaokolewa na bwana fulani aliyetumwa na mkewe. Anaingia kifua mbele, anashangaa foleni nzima imempisha, na anamwaga debe lake kwa furaha. Siku hiyo bwana huyo husalimiwa na kila mtu.

Sasa, kuna mwaka mahindi yalikubali vizuri, biashara yangu ikanona, na mimi nikaingiwa na hamu ya kutoa. Nilikuwa nimechoka kuona kwenye simu watu wamevaa fulana za rangi moja wakigawa mablanketi na kutabasamu. Nikasema, na mimi je? Blanketi sina, lakini mashine ninayo. Tena iko karibu na mtaa wa Kipsongo, na huko kuna akina nyanya wanaolea wajukuu kwa mahindi ya kuokota. Wanaenda hadi mashamba ya kule Kwanza wakati wa mavuno, wanafagia punje zilizoruka watu wakipukuchua, wanapepeta mchanga, wanarudi na gorogoro moja ya mahindi, kopo la kilo mbili hivi, ikizidi sana mbili. Kwa mtu kama huyo, pesa ya kusaga ni pesa ya sabuni. Nikaita mchoraji, akanichorea ubao mkubwa wa manjano: Alhamisi, wazee na wajane, kusaga bure.

Fundi wangu wa mashine alisoma ule ubao, akaniambia kwa heshima zote kwamba sadaka ni yangu lakini mshahara ni wake, kwa hivyo Alhamisi atakuwa anapumzika. Basi nikafunga leso kichwani na kujitolea mwenyewe. Jirani yangu naye, mzee wa msikitini anayeuza maharagwe duka la pili, alisimama mbele ya ubao muda mrefu akichezea ndevu. Tunamwita Haji, ingawa Makka hajafika. Aliniuliza kama nimebakisha rangi nimchoree na yeye jina langu ukutani kwake, ili hata wanaokuja kununua maharagwe wajue kuna mtu ametoa. Nikamwambia ana wivu. Akasema ndiyo, sana.

Alhamisi ya kwanza walijaa. Nilifurahi mpaka nikapiga picha. Nikawasha mashine, nikasimama pale nikingoja baraka zangu, na hakuna aliyeinuka. Wote wamekalia vigunia vyao. Tangulia, nyanya. La, tangulia wewe, wewe ndiye ulifika mapema. Na siku hiyo hakukuwa na bwana wa kutumwa na mkewe, maana ubao ulisema wazee na wajane. Mita ya stima inakwenda, mashine inanguruma bila kitu, na akina nyanya wanaulizana habari za magoti. Jua likapanda. Nikaanza kufoka. Nikawaambia kama ni mkutano wa magoti, mashine si mwenyekiti.

Hapo ndipo akainuka mmoja, mwembamba, amevaa sweta ya shule ya mjukuu wake. Alisema yeye ana watoto wanarudi kula mchana, hawezi kungoja zaidi. Akanipa gorogoro yake moja ya mahindi. Nikaimwaga kwenye mashine. Unga uliotoka ulikuwa nusu, tena nusu ya kuchungulia. Nilipiga kitambaa, nikagonga bomba, ukatoka vumbi tu. Yeye akaangalia ndani ya mfuko, akaukunja, akasema asante sana mama, Mungu akuongezee, akaenda zake. Waliobaki wakasimama wote mara moja, wakapanga foleni nzuri ajabu.

Alhamisi iliyofuata walikuja wachache. Nyingine, hakuja mtu. Nikakaa peke yangu chini ya ubao wangu wa manjano nikivuta hewa. Haji akaniletea chai na habari za mtaa: ati inasemekana mama wa mashine anasaga bure kwa sababu ana nguruwe nyumbani, na nguruwe wanakula unga unaobaki. Mimi! Nguruwe sijawahi kufuga, hata kuku ninaogopa. Nilikasirika nikataka kuung'oa ule ubao siku hiyo hiyo. Haji akanisihi nimalize chai kwanza.

Nikatoka nitembee hasira iishe, na nani huyo nakutana naye? Yule nyanya wa sweta, anatoka kwa mshindani wangu kule chini na mfuko wa unga kichwani. Amelipa! Mimi nasaga bure, yeye anavuka barabara kwenda kulipa. Nilimsimamisha, na sikumsalimia vizuri. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akaushusha mfuko, akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Mama, hujanikosea," akasema. "Lakini huyu nikimlipa, unga ukipungua namuuliza. Wewe umenisagia bure. Nitakuuliza na mdomo gani?"

Nikamuuliza watoto walikula nini siku ile. Akasema walikula uji, tena mwepesi, wakalala mapema. Alisema bila kunilaumu. Mimi nilirudi dukani bila hata kumaliza matembezi yangu. Kumbe zile asante zote nilizokuwa nakusanya ndizo zilizomfunga mdomo.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Bungoma kumwona mama yangu huko Kabuchai, maana nikiwa na uchungu wa kweli mimi hupeleka kwa mama. Nilimsimulia yote, nikitegemea anipe pole. Mama alicheka mpaka akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea. Akaniuliza kwani mashine ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza, basi kwa nini inakula mahindi ya watu na si ya mwenyewe? Akaniingiza ghalani, akanionyesha gunia la mahindi, akasema nibebe nikalishe mnyama wangu. Tena akaongeza kwamba nikitaka kupigiwa makofi, kwaya ya kanisa inatafuta waimbaji.

Alhamisi nikarudi na sheria mpya, na nikampa Haji brashi afute neno moja kwenye ubao. Akafuta "bure" kwa raha kubwa, akaandika "lipa ulicho nacho". Nikatuma habari Kipsongo kwamba mahindi ya kutangulia ni yangu mimi. Na kwamba kila mtu alete malipo, hata kama ni jani, kwa sababu mimi sasa nafanya biashara na mtu akipunjwa ataniuliza.

Wakaanza kurudi. Malipo yenyewe yalikuwa vituko. Mmoja alileta limau. Mwingine alisema hana kitu ila atanifagilia, akafagia huku akinisema jinsi nilivyo mchafu. Mwingine akalipa kwa kumtukana mshindani wangu, nikaona ni malipo halali. Nikamwaga mahindi ya Kabuchai yatangulie, mashine ikala ikashiba, na kila mmoja akapata wake kamili. Mwisho nikatangaza kwamba nikizima, nitapiga kitambaa, na unga utakaodondoka ni wa aliye wa mwisho. Hilo nalo lilikuwa kosa. Tangu hapo kila Alhamisi ni tangulia wewe, la, tangulia wewe, kila mtu anataka kuwa wa mwisho. Siku hizi nimeacha kufoka. Naenda kunywa chai kwa Haji, na stima nimeizima.

Yule nyanya wa sweta hakuja haraka. Nilikuwa namtafuta kila Alhamisi kwa macho. Nilikuwa nawaza labda nimempoteza kabisa, na huyo ndiye hasa niliyemchorea ubao bila kumjua. Halafu asubuhi moja nikamwona mlangoni, na gorogoro yake, na furushi la mboga ya mrenda limefungwa kwa kamba ya mgomba. Akanikabidhi mrenda. Nikaupokea kwa mikono miwili kama malipo ya tajiri. Nikamsagia. Akauinua mfuko kwa mkono mmoja kuupima uzito, akaingiza vidole, akasugua unga, akasema chembe zake bado ni kubwa mno, rudia. Nikarudia. Akapima tena. Akaridhika.

Nikangoja asante yangu, mazoea ni kitu kibaya. Hakuitoa. Aliweka mfuko chini, akajishika kiuno, na akaniuliza kwa sauti iliyosikika hadi kwenye maharagwe ya Haji:

"Na ule wangu wa siku ya kwanza uko wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Haji akatoka dukani kwake kusikiliza. Machozi yalinijaa, nikayasingizia vumbi la unga, nikachota kwenye unga wangu wa Kabuchai na kuanza kumjazia mfuko. Akausimamia, akiangalia mkono wangu.

"Ongeza," akasema.