Siku Nilipoumega Mkate wa Posa

Jamani chekeni kabisa mmalize, maana aibu hii ninayo tangu miaka ile ya elfu mbili na kitu, hapa hapa mtaani kwetu Vårby gård, Uswidi, na hata leo nikiikumbuka ndani ya metro najifunika uso kwa mkoba.

Jirani yangu Gulnora, Muuzbeki, tulijuana kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu (tulianza kwa kugombana, alinichukulia zamu yangu ya mashine, jioni akaniletea pilau yao ya karoti na nyama ya kondoo, ugomvi ukafia hapo). Binti yake Dilnoza alikuwa amempata kijana wa kwao anayekaa Malmö, wanapendana hasa, ila baba yake Dilnoza, Baba Anvar, alikuwa hasemi ndiyo wala hapana, hataki tu mtoto wake wa pekee aende mbali. Dilnoza alishanililia begani kule kule kwenye mashine, mpaka na mimi nikalia.

Basi siku wazee wa kijana walipoleta posa, Gulnora akanialika. "Mama Neema, wewe ni dada yangu," akaniambia kwa Kiswidi chetu kile cha kuungaunga, "njoo ukae tu." Kukaa tu! Mimi, shemasi wa kanisa zima la Wakongomani, mama wa kupanga viti na kuongoza sala, nikae tu?

Tulikaa tumezunguka kitambaa kilichojaa zabibu na lozi, na katikati mikate miwili mikubwa ya duara imebebana, imefunikwa leso nyeupe. Mjomba wa kijana akaongea sana Kiuzbeki, akainua mikono kuomba, wote tukainua, tukajipangusa nyuso, halafu kimya. Kimya kweli kweli. Kila mtu anautazama mkate, Baba Anvar anatazama magoti yake. Nikajiambia, masikini, hawakupanga nani aubariki mkate, sasa wanaoneana haya (na tumbo langu lilikuwa linanguruma, nisiseme uongo). Nikasimama, nikafunua leso, nikainua mikate yote miwili juu, nikasema kwa sauti ya madhabahuni, "Asante Bwana kwa mkate huu!" Nikaimega, kraa!

Mjomba akaruka juu, "Muborak! Muborak!", ndiyo hongera yao, wanawake wa Malmö wakaanza kurusha peremende, watu wanakumbatiana, nami nikaona lo, hawa watu wanalipenda Neno! Nikapiga vigelegele, nikaanza kugawa vipande, cha kwanza nikamtia Baba Anvar mkononi.

Gulnora akanivuta karibu, akaninong'oneza sikioni. "Mama Neema, kwetu mkate ukimegwa, posa imeshakubaliwa. Tulikuwa tunangoja mume wangu ajibu!"

Mungu wangu. Nikapiga magoti mbele ya yule mzee, pardon, pardon, Kiswidi chote kimenikimbia, nikasema nitakwenda kununua mikate mingine sasa hivi, tuanze upya, hii tuseme haikumegwa. Nikamfikiria Dilnoza, nikaona nimemharibia maisha, maana baba akikasirika leo, ile ndiyo yake haitapatikana tena.

Baba Anvar akakitazama kipande chake muda mrefu. Kisha akamwita binti yake kutoka jikoni, akamuuliza neno moja la Kiuzbeki. Dilnoza akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka. Mzee akakitia kile kipande mdomoni, akatafuna taratibu, akameza. Halafu akanigeukia, macho mekundu, akasema kwa Kiswidi, "Inuka, Mama Neema. Mkono wangu ulikuwa unakataa. Nisingeweza kuumega mkate huu mwenyewe."

Tangu hapo niliapa, kwenye nyumba ya mtu sigusi hata kijiko mpaka niambiwe mara mbili. Dilnoza yuko Malmö sasa, ana watoto. Kila akipiga simu, Baba Anvar hunigongea ukuta niende tukaongee naye wote, chai inamiminwa, napewa kiti cha heshima, na mkate nao upo mezani, lakini mzee ameshaumega wote kabla sijaingia.