Siku Niliyoiachia Gari Kazi ya Macho Yangu

Kuna geti moja pale Upper Hill ambalo siku hizi nikilipita natazama upande ule mwingine wa barabara, kwa sababu askari wa pale ananijua, mwenzake ananijua, hata mama anayewauzia chai ananijua, na wote wakiniona wanauliza kitu kimoja: "Mzee, leo uko na miwani?" Haya, cheka kwanza umalize, ndio nikueleze vizuri, maana hii habari imezunguka mtaa wetu wote wa Satellite ikiongezwa chumvi, na mimi nataka angalau mtu mmoja aisikie kutoka kwa mwenye aibu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa vioo. Duka langu liko hapo karibu na Dagoretti Corner, nakata vioo vya madirisha, vya kabati, vya bafuni, na nimeifanya hiyo kazi miaka ishirini na kitu bila kuvaa miwani. Mwaka jana nikaanza kukata vioo vikiwa vifupi kidogo (kidogo tu, lakini dirisha halijui kidogo), na mke wangu Edna akanipeleka kwa lazima kwenye kliniki moja ya macho huko Upper Hill, daktari akanipima, akaniambia macho yangu ya mbali yameharibika, akaniandikia miwani, akasema bila hiyo nisiguse usukani. Ile karatasi nikaikunja nikaiweka kwenye droo ya chini kabisa. Usiniulize sana. Baba yangu alivaa miwani mwezi wa kwanza, na kufikia Krismasi kila mtu pale nyumbani alikuwa anamshika mkono akivuka mtaro, na mimi nina miaka hamsini na tatu, sijafika pa kuvushwa mitaro.

Sasa, juzi juzi nikanunua gari ya stima, ile ya kuchajiwa badala ya kutiwa petroli. Aliyeniuzia ni binti mmoja mtu wa Mombasa, Fatma, mpole, ananiamkia "shikamoo" kabla hata sijafunga mlango wa duka lao. Akanieleza kuna kifurushi cha msaada wa dereva: gari inajiweka katikati ya mstari, inajipunguza mwendo ukikaribia aliye mbele, inapiga breki yenyewe ikiona kitu, hata kujiegesha inajiegesha. Mwezi wa kwanza ni bure, ukiisha unaongeza pesa au kinazimwa.

"Lakini mzee wangu," akasema, "hiki kinamsaidia dereva tu. Dereva bado ni wewe."

Nikaitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyoitikia mahubiri akiwa anawaza chakula.

Wiki tatu nikaishi kama mfalme. Mkokoteni wa maji ulichomoka pale Riruta, mimi sijauona, gari ikauona, ikasimama. Mbuzi akavuka, gari ikasimama. Nikajiambia, Shadrack, Mungu amejibu, haya ndiyo macho yenyewe na hayakai puani. Nikamwambia Edna nakilipia hicho kifurushi.

Edna akaweka sufuria chini. "Chagua moja," akasema. "Hiyo kitu ama miwani. Zote mbili mwezi huu hatuwezi. Na mimi kama ningekuwa wewe ningeanza na kichwa changu kabla ya kichwa cha gari."

Tukakubaliana nitaamua Ijumaa, siku ya mwisho ya ule mwezi wa bure. Na Alhamisi, siku moja kabla, ndiyo ilikuwa siku ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa ametoka nyumbani magharibi aje atolewe mtoto wa jicho, hapo hapo kwenye ile kliniki yangu. Jicho la kulia lilikuwa limeshaenda, la kushoto lilikuwa njiani, na alikuwa amengoja hiyo nafasi miezi. Saa tatu asubuhi awe ndani, la sivyo anarudishwa mwisho wa foleni na huko mwisho hakuna anayejua ni lini. Edna akataka tuite teksi. Mimi nikasema hapana, nitampeleka mwenyewe, na nikasema hivyo kwa sauti kubwa, kwa sababu nilitaka aone jinsi gari inavyojiendesha ndio tumalize ubishi wa Ijumaa.

Kama si mtu wa kwetu, ngoja nikufafanulie kidogo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja. Hamwangaliani usoni, na neno likiwepo linapitia kwa mtu mwingine, hata kama mko chumba kimoja na mnasikiana vizuri kabisa. Kugusana sasa, hiyo ni habari ya faini ya mbuzi na wazee na kikao. Kwa hivyo kumbeba mama mkwe kwenye gari kulihitaji mipango: yeye akae nyuma, kushoto kabisa, Edna akae mbele na mimi kama mkalimani, na mimi, kwa heshima, nikakigeuza kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kikatazama paa, nisije nikamwona.

Asubuhi ile tuko nje ya ploti tunayokaa, mama mkwe akamwambia Edna, "Mwambie mkwe asiwashe kwanza. Siwezi kupanda kitu ambacho hakijaombewa." Akatoa chupa yake ya mafuta ya maombi. Mama huyu ni mtu wa sala, na sala zake si fupi. Akazunguka gari akipapasa, maana haoni, akapaka milango, akapaka boneti, akafika kwenye kioo cha mbele, akanyoosha mkono juu kabisa, pale katikati nyuma ya kile kioo cha ndani, akachora msalaba mkubwa wa vidole vitatu. Pale pale mahali Fatma alinionyesha inakaa kamera ambayo gari inaonea njia.

Mimi ni fundi wa vioo, jamani. Kitu cha kwanza namfundisha mtu dukani kwangu ni kwamba mafuta hayaachwi kwenye kioo. Kitambaa kilikuwa mfukoni. Nikakishika. Halafu nikafikiria: nifute maombi ya mama mkwe, mbele yake, siku ya operesheni yake? Nikakirudisha mfukoni. Hilo ndilo kosa langu, dogo hivyo, na mengine yote yalizaliwa hapo.

Tukaondoka. Hatujafika hata Ngong Road gari ikaanza kulia, tiit, tiit, na maandishi ya rangi ya machungwa yakatokea kwenye skrini, na mimi maandishi ya skrini nayaona kama ukungu, labda nisogeze uso.

"Imeandika nini?" nikamuuliza Edna polepole.

"Si una macho?"

"Ninayo."

"Basi soma."

Nikakaza macho, nikaegemea mbele, nikatulia. "Inasema betri iko sawa," nikamwambia.

Edna akaangalia dirishani. Najua sasa alidhani ni kitu kidogo na alitaka ninaswe na uongo wangu mwenyewe, na mpaka leo tukikosana ananiambia hilo ni kosa lake pekee katika siku ile nzima, na mimi nakubali, lilikuwa moja na yangu yalikuwa mengi. Nikabonyeza kitufe mpaka ile tiit ikanyamaza.

Barabara ilikuwa imejaa, tunatambaa, na kwa mwendo wa kutambaa hata kipofu anaendesha. Tukapanda Upper Hill saa tatu kasoro dakika kumi. Edna akamwambia mama yake tumefika, na mama mkwe, kusikia tumefika, akafungua mkanda, akasogea katikati ya kile kiti cha nyuma na kuinama mbele amuulize Edna ile bahasha ya kliniki iko wapi. Mimi siyajui hayo. Kioo kinatazama paa.

Mbele yangu niliona geti liko wazi. Kusema kweli niliona mwangaza. Kulikuwa na ule mti wa geti, mwembamba, una rangi nyekundu na nyeupe, umeshuka, na askari amenyoosha mkono kabisa, lakini mimi niliona mwangaza, na nikajiambia kama kuna kitu gari itasimama.

Gari haikusimama.

"Shadrack, geti! Geti!" Edna akapiga kelele.

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mti wa geti ukavunjika katikati, kipande kikalala kwenye boneti. Na kutoka nyuma, katikati ya viti, akaja mama mkwe. Alikuja mzima mzima, akaniparamia shingoni kwa mikono miwili, shavu lake kwenye sikio langu, kitambaa chake cha kichwa kikaangukia mapajani mwangu, na akanishika hivyo akiita "Yesu wangu! Yesu wangu!" mpaka akagundua anamshika nani.

Mikono ikatoka shingoni polepole, kidole kimoja kimoja.

"Edna," nikasikia nyuma, sauti iko chini ya leso, "mwambie atoke. Atoke aende mbali, nisimwone."

"Mama, kwani wewe unaona?"

"Namsikia akipumua."

Nikatoka. (Nilitamani ardhi ipasuke, na hiyo si chumvi.) Nikatembea kuelekea kibanda cha askari, na nilipofika hatua kumi hivi gari ikasema klik, ikawasha taa, ikajifunga. Kumbe ufunguo uko mfukoni mwangu, na hii gari ukienda nao inajifunga. Edna akajaribu kufungua kutoka ndani, king'ora kikaanza kulia. Nikarudi mbio, king'ora kikanyamaza, mama mkwe akapiga kelele, "Amerudi! Mwambie aende!" Nikaenda. Klik. King'ora. Nikarudi. Kelele. Mara tatu, ndugu yangu, naenda na kurudi mbele ya watu, na magari nyuma yetu yamefika barabarani yanapiga honi, na yule mama wa chai ameacha kumimina.

"Mzee," askari akaniuliza, "wewe unaingia ama unatoka?"

Kabla sijamjibu, mlango wa gari la tatu kwenye ile foleni ukafunguliwa, akatoka mwanamke amebeba koti jeupe mkononi, akaja akitembea haraka. "Nani amefunga njia? Nina wagonjwa wananingoja ndani." Alipofika karibu akasimama akaniangalia. Mimi sikumtambua mpaka akawa hapa, karibu kabisa. Alikuwa daktari wangu. Na alikuwa ndiye daktari wa mama mkwe, kumaanisha nilikuwa nimemzuia nje ya geti mtu yule yule niliyekuwa namkimbizia mgonjwa.

"Wewe ni fundi wa vioo," akasema. "Miwani niliyokuandikia iko wapi?"

"Iko nyumbani, daktari."

"Haijanunuliwa!" Edna akapaza sauti kutoka ndani ya gari. Watu wakacheka, askari akageuka upande akicheka, na mimi sikucheka, kwa sababu daktari naye hakucheka. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyo mama yuko hapa aweze kuona. Na wewe ulikuwa unamleta huku huoni."

Nikampa askari ufunguo, nikaenda nyuma ya kibanda chao nikatazama ukuta mpaka mama mkwe akashushwa, akapitishwa, akaingia na daktari wake. Askari wa pili akaiegesha ile gari kwa mikono na macho yake mwenyewe. Daktari hakumrudisha kwenye ile foleni ndefu; mama akawa wa mwisho siku hiyo, lakini akafanyiwa. Mti wa geti nikaulipa.

Ijumaa Fatma akapiga simu kuuliza kama nitaendelea na kifurushi. Nikaanza kumlalamikia breki haikushika. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mzee wangu, kioo cha mbele kilikuwa kisafi?" Nikaukumbuka ule msalaba wa mafuta. "Na ile taarifa ya rangi ya machungwa, kwamba kamera imezibwa, ulisoma?" Nikamwambia azime kifurushi.

Siku ile ile bandeji ikatolewa kwenye jicho la mama mkwe, na mimi nikawa nimeketi nje ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe nikingoja kuambiwa mbuzi ni wa aina gani. Edna akatoka. "Mama anasema mbuzi hataki. Anasema faini yako ni miwani. Ukiivaa ameshakusamehe, na usipoivaa asirudi kusikia umembeba mtu wa familia yake, hata mimi."

Nikaifungua ile droo. Jumatano miwani ikawa tayari, nikaivaa, nikaenda kwenye gari, na kitu cha kwanza nilichoona ni ule msalaba, bado uko pale, alama za vidole vitatu zimekaa wazi kabisa. Nimeapa, na wewe uwe shahidi: usukani siushiki tena bila miwani, na hakuna mashine nitaipa kazi ya macho yangu kabla sijaifanya mwenyewe. Pengine siku moja nitamwambia Fatma awashe ile breki. Lakini awashie mtu anayeona.

Siku ya kumrudisha mama mkwe stendi, akaketi nyuma, mkanda umefungwa, na kabla sijawasha gari akasema, "Edna, mwambie mkwe alete hiyo miwani niiombee." Nikaivua, nikampa Edna, Edna akampa. Ikakaa huko muda wa sala ndefu. Iliporudi ilikuwa na msalaba wa mafuta, kioo cha kulia na cha kushoto.

Nikaishika. Edna akaniangalia. Nikatoa kitambaa mfukoni, na mbele ya mama mkwe nikaanza kufuta.

Huko nyuma mama mkwe akakohoa.

"Edna," akasema, "mwambie pale pembeni kushoto bado kuna mafuta. Mimi nayaona kutoka huku."