Nilipima Udongo, Sikuwauliza Wamama

Kosa ni langu. Ninaanza na hilo, kwa sababu kila nikianza na vita watu wananionea huruma, na ile huruma si haki yangu. Vita ilikuwa ya wengine. Kiwanja nilichagua mimi.

Ninakuambia wewe unayesoma kwa vile hatujuani. Wanaonijua nimeshindwa kuwaambia. Hata bibi yangu, mwanamuke niliyemuoa, anajua nusu tu.

Mimi ni muntu wa Butembo, wa familia ya wenye maduka, lakini duka sikulipenda, nikasoma ujenzi. Katika hii miaka ya vita, shirika moja la misaada lilinipa kazi ya kusimamia ujenzi wa materinite, nyumba ya kuzalia, karibu na Kashuga, kule Masisi. Kashuga ilikuwa imejaa wakimbizi. Wamama walikuwa wakizalia chini ya mabashi ya nailoni, matope yakiingia mpaka kwenye mukeka.

Ile nyumba haikutakiwa kuwa nyumba ya kawaida. Matofali ya kuchoma yanakula miti, na milima ya pale ilikuwa imeshabaki vipara. Sisi tungetumia udongo wa pale pale, unachanganywa na simenti kidogo, unashindiliwa kwa mashini ya mukono, unakaushwa kivulini. Manjanja, yale mabati ya paa, yangekusanya maji ya mvua. Hakuna muti hata moja ungechomwa, na nyumba ingedumu kutupita sisi wote. Niliamini hayo. Hata leo ninayaamini, na hilo halinisaidii kitu.

Nilikaa siku tatu nikitafuta udongo. Nilichimba mashimo, nikaufinyanga mukononi, nikautia ndani ya chupa ya maji nione muchanga unakaa wapi. Udongo muzuri niliupata juu ya kilima kidogo kando ya barabara. Hapakuwa na maji chini yake, hapakuteremuka mvua ikinyesha, na gari lingefika mpaka mulangoni. Nikaenda kwa shefu wa kijiji.

Akaniuliza, "Umeshaongea na watu?"

Nikamuambia ndiyo.

Nilikuwa nimeongea na wawili. Mwenye shamba, na dereva wangu.

Makaratasi ya kazi yalisema wazi kwamba kabla ya kuchora chochote tukae na wamama, wazalishaji, wakimbizi na wenyeji, tusikie wao wanataka nini na wapi. Niliandika katika ripoti kwamba tulikaa nao. Mvua zilikuwa zinakaribia, nilitaka paa liwe limefungwa. Na ndani ya moyo, nikuambie kweli, nilijisemea: watanifundisha nini hawa juu ya udongo?

Mukutano tuliufanya kuta zikiwa zimefika kwenye madirisha. Tuliwaita ili wapige makofi na wapigwe picha. Akasimama Mama Feza. Huyu alikuwa muzalishaji wa kijiji, mwanamuke mufupi, nusu ya watoto wa pale walipitia mikononi mwake.

"Papa enjenyeri, nyumba iko muzuri," akasema. "Lakini hapa hatutazalia."

"Kwa nini, Mama?"

"Hii kilima njo watu wa bunduki wanakaaka. Kila kundi ikifika, inapanda hapa kwanza, wanaona barabara yote, huku na kule. Hawa wakitoka, wanakuja wengine. Hata mutoto anajua."

"Lakini sasa hawako."

"Sasa hawako," akakubali. "Mungetuuliza, tungewaonyesha kule chini, nyuma ya ile mikaratusi. Kule iko njia ya kuingia mu mashamba. Mwanamuke mwenye uchungu anaweza kupita pale, hakuna mwenye kumuona. Na hapa mumeweka mulango moja, inaangalia barabara."

Watu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Mama, plani ilishapitishwa."

Niliona kama nimejibu. Mama Feza akakaa. Hakununa. Tukaendelea na hotuba, wakapiga makofi.

Ningeweza kusimamisha kazi. Kama si kuhamisha nyumba, basi kutoboa mulango wa pili upande wa mashamba. Ilikuwa kazi ya siku moja, ukuta ulikuwa bado unafika kifuani. Lakini kubadilisha plani kulidai barua kwa wakubwa, na barua ingenilazimisha kueleza kwa nini wamama hawakuulizwa wakati ripoti inasema waliulizwa. Kwa hiyo mulango ulibaki moja. Upande wa nyuma niliweka madirisha madogo, juu kabisa, ili hewa ya joto ipate pa kutokea.

Nyumba ikaisha. Ilikuwa baridi muchana na yenye joto asubuhi. Wageni walikuja kuzigusa kuta. Wamama hawakuja. Wiki zilipita na vitanda vilikuwa na nailoni yake bado. Niliona aibu, nikaanza kuzunguka kijiji nikiwabembeleza.

Wa kwanza kukubali alikuwa Nyota, bibi wa Safari. Safari alikuwa kapita, musimamizi wa mafundi wangu, muntu wa maneno machache. Nikikosea mustari alikuwa anausogeza uzi bila kunisemesha, kisha ananitazama kama anauliza ruhusa.

Nilimuambia, "Bibi yako azalie ndani ya nyumba uliyoijenga kwa mukono wako. Wengine watafuata."

Akajibu, "Kama unasema iko salama, enjenyeri."

"Iko salama," nikasema.

Nyota alifika asubuhi moja, kwa miguu, na mama mukwe wake amebeba beseni na vitambaa. Mama Feza alikuja pia. Nilimuambia nimefurahi amebadilisha mawazo. Akanijibu, "Sikubadilisha. Nimefuata Nyota." Muuguzi hakuwa amefika bado. Safari alikuwa shambani. Mimi nilikuwa nje, ninatengeneza mufereji wa tangi la maji.

Masasi ya bunduki yakalia upande wa barabara. Mara ya kwanza mbali, kisha karibu. Watu wa kule chini wakaanza kukimbia na vyungu na watoto. Mimi nikaingia ndani, kwa sababu ndani kulikuwa na kuta.

Mama Feza alichungulia mulangoni, akarudi. "Wanapanda," akasema.

Hawakuwa wanatutafuta sisi. Walikuwa wanaenda kukaa mahali pao. Kutoka kwa mulango ilikuwa kukutana nao uso kwa uso.

Tukabaki na madirisha ya nyuma. Nilisogeza kitanda, nikavunja fremu kwa nyundo. Mama Feza alipita wa kwanza, na mama mukwe akafuata. Kisha nikamuinua Nyota. Uchungu ulikuwa unakuja mufululizo, alikuwa anauma kitambaa asipige kelele. Lile dirisha nilikuwa nimelipima mimi mwenyewe, ninajua upana wake mpaka leo. Alipita kwa ubavu. Upande wa pili wale wamama wawili walijaribu kumupokea lakini uzito uliwashinda, akaanguka nao chini.

Mimi nikapita wa mwisho, tukateremuka katika maharagi, tukafika kwenye bonde lenye mutama. Pale ndipo alipozaa. Mutoto musichana, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza, na haikusimama.

Dawa ya kusimamisha damu ilikuwako. Ilikuwa ndani ya kabati, kule juu, niliipanga mimi. Kutoka pale bondeni nililiona paa, manjanja mapya yanang'aa, na wanaume wanatembea kando ya tangi. Mama Feza alifanya yote aliyoyajua, kwa mikono, kwa majani, kwa vitambaa. Nyota alituuliza mara mbili kama mutoto ni musichana ao kijana. Tulimujibu mara mbili. Jua lilipofika juu ya vichwa vyetu, alikuwa ameshatuacha.

Safari alikuja alasiri na tipoyi, machela ya miti na blanketi, yeye na ndugu zake. Hakuniuliza kitu. Aliinua upande wa kichwa. Mimi nilitaka kushika upande wa miguu, nikakuta umeshashikwa.

Sikulia. Nilingoja kilio kije, kama vile muntu anavyongoja gari, hakikuja. Tangu siku ile ninakula, ninaenda misa, ninaitika salamu. Bibi yangu ananiuliza ninawaza nini, ninamujibu hakuna, na ni kweli, hakuna.

Wale watu wa bunduki walikaa ndani ya materinite masika yote. Walipika ndani ya chumba cha kuzalia. Walipotoka, kundi lingine likaingia. Kuta hazijapasuka. Niliahidi nyumba ya kudumu, na inadumu.

Wakubwa wangu waliandika kwamba mupango ulishindwa kwa sababu ya hali ya usalama. Nikaletewa karatasi, nikatia sahihi. Huo ulikuwa uongo wangu wa tatu. Wa kwanza nilimudanganya shefu, wa pili niliuandika katika ripoti. Hakuna aliyenishitaki. Barua ya kunisifu kwa uvumilivu ninayo nyumbani, ndani ya sanduku.

Miezi ilipita ndipo nikaenda kwa Safari. Alikuwa anaishi kwa mama yake, yule aliyebeba beseni siku ile. Nilikaa kwenye kiti walichonipa, nikasema nimekuja kuomba musamaha.

Mama yake akanikatiza. "Papa, vita njo ilimuua. Usijibebeshe."

"Muache aseme, Mama," Safari akasema.

Nikasema. Nilimuambia juu ya shefu, juu ya ripoti, juu ya mulango ambao ningeutoboa kwa siku moja. Mutoto alikuwa amelala mugongoni mwa yule mama. Safari alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Mimi ile kilima ninaijua tangu utoto," akasema mwishoni. "Siku tulifunga kamba ya musingi, nilitaka kukuambia. Nikajisemea, huyu alisoma."

"Kwa nini hukuniambia, Safari?"

"Haukuniuliza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama vile muntu anasema mvua ilinyesha jana. Kisha akachukua jembe lake, akaenda shambani. Hakuniambia amenisamehe, na hakuniambia hapana. Mama yake akaniletea chakula. Nikala.

Siku hizi ninafanya kazi Walikale, upande wa barabara inayoelekea Hombo. Kule watu ni wa pori, wanalima na kuwinda, wanasali Jumapili na wana desturi zao ambazo hawakuzitupa. Nikifika kijijini ninaacha futi na kamba ndani ya gari. Ninakaa. Wamama ninawauliza wa kwanza, peke yao, kabla ya wanaume na kabla ya shefu: mukisikia masasi, munakimbilia wapi? Munapita wapi? Mahali gani hamuendi hata mukilipwa?

Katika kijiji kimoja walinitembeza nusu siku nzima. Walinionyesha kijito kinachofurika, muti ambao wazee hawataki ukatwe, na njia ya wawindaji isiyoonekana kutoka barabarani. Kiwanja changu kizuri walikikataa. Changu kilikuwa na udongo bora kuliko chao. Tukajenga kwao, mulango wa pili ukiangalia pori. Mukubwa wangu alilalamika kwamba ninachelewesha kazi. Mwanamuke moja, muzee kidogo, aliniambia, "Miaka yote wanatujengeaka vitu hapa, njo mara ya kwanza muntu anatuuliza."

Ningepaswa kufurahi. Nilimushukuru, nikaandika alichosema.

Sasa wewe ndugu, wewe dada, unayejenga kisima, shule, soko, chochote, hata kama ni kwa udongo usioumiza pori na kwa nia safi kabisa: usiite watu wapige makofi halafu uandike kwamba walishirikishwa. Uliza mapema, wakati jibu lao linaweza bado kuhamisha kamba yako. Ukiuliza ukuta ukiwa umeshasimama, hauulizi, unatangaza. Na usimungoje fundi wako aongee. Wewe umesoma, yeye anakuheshimu, atanyamaza, na ile heshima yake itakuja kumuzika muntu.

Mutoto wa Nyota anatembea sasa. Nikipita Kashuga ninasimama kidogo kuwasalimia. Ananiita Papa, kama anavyowaita watu wazima wote wa pale. Ninaitika.