Nilivyoacha kudanganya kuhusu vikapu vya wake wa polisi, Nsambya

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe. Kuna sehemu zinaniaibisha, ila nasimulia yalivyokuwa.

Mimi ni dada wa Kikenya, naishi Rubaga hapa Kampala. Nilikuwa field officer wa kampuni ndogo inayouza vikapu Ulaya. Nazunguka kwa wasukaji, naangalia quality, halafu najaza fomu ya buyer, yaani mnunuzi wa huko Ulaya.

Fomu ilikuwa na swali: kazi inafanyika wapi? Bosi aliniambia mapema niandike "karakana", kwa sababu buyer hakutaka kazi za majumbani.

Karakana haikuwepo. Wasukaji wetu ni wake wa polisi, wanasukia vyumbani mwao kule kambi ya polisi Nsambya. Niliandika uongo huo miaka miwili. (Msinihukumu bado.)

Siku moja nikafika kwa Mama Akello, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, ndiye kiongozi wa kundi. Alikuwa amemaliza kuchemsha nyuzi na rangi. Akasuuza sufuria, akabandika maharage humo humo.

Nikamuuliza kama hana sufuria nyingine.

"Nani alileta?" akaniuliza.

Hapo nikaelewa. Kwenye karatasi zetu nyumba yake haikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwaza kumpelekea sufuria ya rangi wala glavu.

Fomu iliyofuata niliandika ukweli, nikaituma mwenyewe. Buyer akasimamisha order. Bosi akanifukuza wiki hiyo hiyo.

Mama Akello akanipigia. "Dada, wewe ulikuja kusaidia sisi ama kufunga kazi?"

Kesho yake nikaenda Nsambya, nikawakuta wamenuna. Nikawaeleza kila kitu, pamoja na kufukuzwa kwangu.

Kisha Mama Akello akasogeza mkeka. "Keti. Tuandike vile tunafanya kazi kweli."

Sheria walitunga wao. Rangi ichemshwe nje, mahali pamoja, na sufuria zake. Watoto wasisogee pale. Tukapiga picha, tukamwandikia buyer kwamba kumkataza mama mwenye mtoto mchanga kusukia nyumbani ni kumnyima kazi kabisa.

Kimya. Nikatuma tena. Na tena. Barua ya tano ndiyo akajibu, akamtuma mtu aje kuona.

Order ikarudi, nusu ya ile ya zamani, na safari hii glavu zikaja. Sasa nafanya kazi na kundi moja kwa moja. Kipato ni kidogo, lakini siachi.

Wasukaji wawili walikuwa wameshahamia kuuza nyanya Kawempe, hawakurudi. Mmoja wao hanisalimii mpaka leo. Simlaumu.

Nilichojifunza: ukimficha fundi ili asipoteze kazi, hata msaada haumfikii. Na kosa langu jingine ni kwamba sikuwauliza kabla ya kutuma ile fomu. Riziki ilikuwa yao, uamuzi nikaufanya peke yangu.

Mlio kwenye kazi za mikono, semeni na nyie. Hata wa kunikosoa, nitasoma yote.