Mguu wa Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye kibaraza cha nyumba yake. Jina hilo walimpa wateja, kwa kuwa pindo alilolishona halikuwahi kufumuka. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, na shemeji.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, alikuja mara kwa mara kumjulia hali, na kila akija alilitazama paa kabla ya kumtazama mwenye nyumba.

"Shemeji, na ugonjwa huo wa sukari utakaa peke yako mpaka lini? Njoo kwetu, nyumba nitaiangalia mimi."

"Kuiangalia umeshaanza zamani," alijibu Mama Pindo.

Mara kidonda kikamtokea kwenye unyayo wa mguu wa kulia. Kliniki walimsafisha, wakamfunga bandeji, wakamwambia aupumzishe mguu. Akaitikia haya, akarudi kibarazani, akaendelea kukanyaga cherehani. Kidonda kikawa hakisikii dawa.

Siku moja akamkuta daktari mpya, kijana wa miwani. Badala ya kufungua bandeji, alivuta kiti akakaa.

"Mama, unaishi na nani?"

"Na Mungu."

"Nyumba ni yako au umepanga?"

Machale yakamcheza. Kidonda na nyumba vinakutana wapi?

"Na siku nzima unashinda ukifanya nini?"

"Nakaa tu. Si mlisema nipumzike?"

Daktari aliviangalia vidole vya Mama Pindo vilivyojaa alama za sindano.

Alipotoka, akiwa bado kwenye korido, alimwona shemeji akiingia chumba kile kile. Mlango ukafungwa. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea. Kumbe maswali yale yana mwenyewe!

Hakurudi tena. Kliniki walipopiga simu aliiacha ilie mpaka inyamaze. Alijifunga mguu kwa vipande vya kitambaa, akashona hivyo hivyo, hata ulipovimba na kumnyima usingizi.

Kisha shemeji akaja, amefura.

"Yule daktari wako ana dharau! Mara mbili nimemwendea kumwomba aje aseme mbele ya familia kwamba huwezi tena kukaa peke yako. Unajua kaniambia nini? Eti habari za mgonjwa ni za mgonjwa. Halafu akanifungulia mlango nitoke. Mimi, ndugu wa marehemu!"

Mama Pindo hakuamini papo hapo. Huenda ni mtego, akawaza, wanitie tamaa nirudi. Alilipima neno lile jioni nzima. Lakini shemeji hakuwa hodari wa kuigiza. Hasira ile ilikuwa ya mtu aliyekosa kweli alichokitaka. Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda akiegemea mwavuli.

"Kabla hujanigusa," alimwambia daktari, "nyumba yangu uliitakia nini?"

"Nilitaka kujua kama una ngazi za kupanda, kama choo kiko mbali, na nikikwambia pumzika, nani atakupikia. Ningekueleza kwanza. Nisamehe, mama."

Alimkazia macho kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Nashona," alisema mwishowe. "Cherehani ya miguu, kutwa. Nikiiacha, naenda kula kwa shemeji, na nyumba ndiyo imekwenda."

"Basi hatutakuachisha kazi, tutaubadilishia mguu kazi. Cherehani yako inakubali mpini wa mkono?"

"Inakubali. Ila itakwenda kama konokono."

"Na iende. Mradi mguu ule usikanyage."

Kidole kimoja cha mguu kilikatwa, maana ugonjwa ulishaingia kwenye mfupa. Mguu wenyewe ukapona polepole, ndani ya kiatu maalumu kilichozuia uzito usiangukie kidonda. Mama Pindo akashona kwa mkono, akanung'unika, akazoea. Kila alipokwenda kliniki daktari alimuuliza kwanza habari za kazi na za shemeji, ndipo habari za sukari, naye akawa anajibu, leo neno moja, kesho mawili.

Jirani akamuuliza kama sasa anamwamini daktari.

"Mguu nimemkabidhi," alisema. "Mengine bado namchunguza."

Shemeji naye anakuja mpaka leo. Hukaribishwa kiti, kibarazani.