Picha na Wakubwa

Kinyozi alisema anakwenda kwenye jumba la sanamu za nta kupunga upepo tu, lakini alikuwa na lake jambo. Alitaka apigwe picha bega kwa bega na wanasoka na waimbaji wa nta, azitundike juu ya kioo cha kunyolea, wateja wajue kwamba yeye si kinyozi wa hivi hivi. Sanamu zenyewe zilikuwa zimetengenezwa vizuri mno. Kwenye picha usingejua nani wa nta na nani ana roho.

Mama yake akaomba kwenda naye. Maisha yake yote hakuwahi kusafiri ila kuna mgonjwa wa kumwangalia au maiti wa kumzika. Siku hiyo alivaa gauni lake la kutokea na akajipaka wanja. Walipoingia tu, mwanawe akamkabidhi simu.

"Bonyeza hapa, mama. Mkono usitikisike."

Basi mama akageuka mpiga picha. Kinyozi alimkumbatia bondia, akamnong'oneza mwimbaji, akaketi mezani na rais mstaafu kana kwamba wanagawana wizara. Mama alibonyeza huku akicheka kichinichini. Walipofika kwa mwigizaji mmoja mwenye taji, akasema, "Na sisi tupigwe moja basi, baba. Mimi na wewe."

"Subiri kidogo, mama. Nikimaliza hawa. Chaji yenyewe inakwisha."

Mama akamrudishia simu, akaenda kuketi kwenye benchi karibu na mlinzi wa ukumbi. Kinyozi akaendelea kujipiga picha mwenyewe. Alipogeuka, alikuta watu wamemzunguka mama yake. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, hapepesi jicho. Watalii walidhani naye ni sanamu. Familia moja ilikuwa imejipanga nyuma yake, mtoto ameegemezwa begani pake, na watu wanaulizana huyu ni nani. Mmoja akasema bila shaka ni malkia wa mahali fulani. Picha ilipokwisha kupigwa, malkia akakonyeza. Wale watu waliruka kwa hofu, kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mama mwenyewe akacheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Kinyozi peke yake hakucheka. Aliona haya, Mungu amsamehe. Akamshika mkono na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, unanitia aibu mbele za watu. Twende zetu."

Mwaka haukuisha, mama akashikwa na homa iliyomchukua upesi. Ilipotakiwa picha ya kuweka kwenye jeneza, dada yake kinyozi alimgeukia. "Wewe si ndiye uliyetembea naye? Lete picha."

Akapekua simu. Kinyozi na bondia, kinyozi na mwimbaji, kinyozi na rais, meno yote nje. Ya mama hakuna hata moja. Ikabidi watumie ile ya kitambulisho, ambayo mama alikuwa akiilalamikia kwamba imemtoa kama mwizi wa kuku. Dada aliichukua, akaenda kuitafutia fremu. Afadhali angegomba.

Msiba ulipopoa, kinyozi alifunga safari kurudi kule kwenye jumba. Alijua anajidanganya, lakini moyo ulikataa kutulia. Huenda wale watalii waliacha anwani. Alimkuta mlinzi yule yule, akamweleza.

"Yule bibi aliyekonyeza? Namkumbuka sana," mlinzi alisema, uso ukimchangamka, halafu ukamshuka alipoelewa. "Pole sana, kaka. Lakini wale watu nitawapatia wapi? Wageni hupiga picha wakaenda zao."

Kinyozi aliwaza sebule ya watu asiowajua, picha ya mama yake inapokezanwa kwa wageni, nao wanabishana alikuwa malkia wa wapi. Akashukuru, akataka kuondoka.

"Kwani wewe ndiye yule kijana wake?" mlinzi akamuuliza. "Alipokuja kuketi hapa aliniomba niwapige picha, yeye na wewe. Nikamwambia, mwite basi niwapige sasa hivi. Akakataa. Akasema, 'Mwache kwanza mwanangu amalize na hawa wakubwa. Mimi nitamngoja.'"